Barafu ya ncha za dunia ikiyeyuka, sheria nazo zatikisika

FEBRUARI 26, 2008, marehemu Profesa Wangari Maathai aliingia ndani ya mlima wenye baridi kali katika visiwa vya Svalbard, vilivyo baina ya Norway na Ncha ya Kaskazini. Akiandamana na Jens Stoltenberg, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norway, aliweka kasha la kwanza la mbegu za mpunga katika ghala lililochimbwa mwambani. Ghala hilo lilikusudiwa kuwa akiba ya mwisho ya mbegu za dunia nzima. Svalbard ilichaguliwa kwa kuwa ardhi yake imeganda tangu enzi za kale. Hata umeme ukipotea, baridi ya mlima wenyewe ingezihifadhi mbegu.

Miaka minane baadaye, Oktoba 2016, mvua ilinyesha Svalbard katika msimu ambao kwa kawaida huanguka theluji. Maji yakapenya hadi kwenye njia ya kuingilia ghalani na kugandia humo. Mbegu hazikuguswa, lakini serikali ya Norway ililazimika kuijenga upya njia hiyo ili isipitishe maji tena.

Tukio hilo dogo linaeleza jambo kubwa. Kwa muda mrefu binadamu amezichukulia ncha mbili za dunia kuwa mahali pasipobadilika. Mipaka, mikataba na hata majengo ya huko yaliwekwa na watu walioamini kwamba barafu ingekuwepo daima, na kwamba mengi yaliyo chini yake hayangeweza kufikiwa. Sasa barafu inapungua, na maswali ambayo baridi ilikuwa imeyaahirisha yanadai majibu. Ni nani mwenye haki ya kupita huko, kuvua na kuchimba? Na hasara itakapotokea, ni nani atakayeibeba?

Ncha mbili zisizofanana

Ni makosa kudhani kwamba ncha hizi ni pacha. Aktiki, iliyo kaskazini, ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Antaktika, lililo kusini, ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari. Kutokana na tofauti hiyo moja huzaliwa nyingine nyingi, za kimaumbile na za kisiasa.

Bahari ya Aktiki ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 14, na juu yake huelea barafu ambayo mara nyingi unene wake ni mita chache tu. Mataifa matano yamepakana nayo: Urusi, Kanada, Marekani kupitia jimbo la Alaska, Norway, na Denmark kupitia kisiwa cha Greenland. Watu wapatao milioni nne huishi katika eneo la Aktiki, wakiwemo wa jamii za asili kama vile Wainuiti na Wasami.

Antaktika lina ukubwa unaokaribiana na huo, lakini ni bara lililofunikwa na barafu yenye unene wa wastani wa takriban kilomita mbili. Karibu asilimia 90 ya barafu yote duniani imo humo. Bara hilo halina wenyeji, halina miji wala serikali. Wanaokaa huko ni wanasayansi na wahudumu wa vituo vya utafiti, ambao hufika kwa zamu na kuondoka.

Joto linavyojizalisha

Setilaiti zimekuwa zikipima barafu ya bahari mfululizo tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Katika Aktiki, barafu hupungua wakati wa kiangazi na kufikia kiwango cha chini kabisa kila Septemba. Mnamo Septemba 2012 ilishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kushuhudiwa tangu vipimo hivyo vianze. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba tangu 1979 eneo hilo limepata joto kwa kasi ya karibu mara nne ya wastani wa dunia.

Sababu mojawapo ni rangi. Barafu iliyofunikwa na theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ilhali maji ya bahari, yaliyo meusi, humeza karibu wote. Aliyevaa kanzu nyeupe na aliyevaa nguo nyeusi katika jua la adhuhuri mjini Mombasa wanaijua tofauti hiyo barabara. Barafu inapopungua, bahari hupata joto zaidi, na joto hilo huyeyusha barafu iliyosalia. Hivyo joto hujizalisha lenyewe.

Kuna jambo hapa ambalo huwatatiza wengi. Barafu inayoelea baharini haiongezi kina cha maji inapoyeyuka, kama ambavyo kipande cha barafu huyeyuka katika bilauri ya sharubati bila kuifurisha. Kinachoinua bahari ni barafu iliyo juu ya nchi kavu. Barafu ya Greenland, lau ingeyeyuka yote, ingeinua bahari kote duniani kwa takriban mita saba. Ya Antaktika ingeiinua kwa zaidi ya mita 50. Wataalamu hawatarajii hayo kutokea katika karne hii. Lakini hata sehemu ndogo yake yatosha kuleta maafa.

Mto wa barafu uitwao Thwaites, magharibi mwa Antaktika, una ukubwa wa karibu theluthi moja ya Kenya. Sehemu kubwa ya mwamba ulioubeba iko chini ya usawa wa bahari, na maji yenye uvuguvugu yanautafuna kutoka chini. Lau ungeporomoka wote, ungeinua bahari kwa takriban sentimita 65. Kuporomoka kwa namna hiyo si ndoto. Mapema mwaka wa 2002, uwanda wa barafu iliyoelea wa Larsen B, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,000, ulivunjika vipande vipande. Uwanda uliokuwa umedumu maelfu ya miaka ulitoweka katika muda wa takriban mwezi mmoja.

Kaskazini kuna hatari ya aina nyingine. Ardhi iliyoganda ya Siberia, Alaska na Kanada ina mabaki ya mimea na wanyama yenye kaboni karibu mara mbili ya ile iliyomo angani. Ardhi hiyo ikilegea, mabaki hayo huoza na kutoa gesi zinazoongeza joto. Nyumba, barabara na mabomba yaliyojengwa juu yake pia hutitia. Mnamo Mei 2020, tangi la dizeli lilipasuka karibu na mji wa Norilsk nchini Urusi, na zaidi ya tani 20,000 za mafuta zikamwagika mitoni na ardhini. Wamiliki walisema nguzo za tangi zilititia kwa sababu ardhi ilikuwa imelegea. Wachunguzi wakataja pia kasoro za ujenzi.

Bahari yenye wenyewe

Aktiki haina mkataba wake maalumu. Inaongozwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka wa 1982, ule ule unaotumika katika Bahari ya Hindi. Chini ya sheria hiyo, kila taifa la pwani lina haki ya kuvua na kuchimba hadi maili 200 za baharini kutoka ufuoni. Likitaka haki juu ya sakafu ya bahari iliyo mbali zaidi, sharti lithibitishe mbele ya tume ya wanasayansi kwamba sakafu hiyo ni mwendelezo wa nchi yake kavu. Kenya yenyewe iliwasilisha ombi kama hilo mwaka wa 2009. Marekani haijauidhinisha mkataba huo, ingawa hufuata sehemu kubwa ya kanuni zake kama desturi.

Mvutano mkubwa unahusu Lomonosov, safu ndefu ya milima iliyo chini ya bahari na inayopita karibu na Ncha ya Kaskazini. Urusi, Denmark na Kanada kila moja inadai kwamba safu hiyo ni mwendelezo wa ardhi yake. Mnamo Agosti 2007, Warusi walishuka kwa nyambizi ndogo hadi kina cha zaidi ya mita 4,000 na kuchomeka bendera ya nchi yao iliyotengenezwa kwa madini ya titani. Kisheria, bendera hiyo haikubadilisha lolote. Kisiasa, ilizua hofu kwamba kinyang'anyiro cha karne zilizopita kilikuwa kinarejea.

Mataifa hayo matano yalikutana mjini Ilulissat, Greenland, Mei 2008 na kuahidi kutatua mizozo kwa kufuata sheria ya bahari. Ahadi hiyo ilizaa matunda. Mwaka wa 2010, Norway na Urusi zilitia sahihi mkataba wa mpaka wa baharini waliouzozania kwa takriban miaka 40. Mwaka wa 2022, Kanada na Denmark ziligawana kisiwa kidogo cha Hans, ambako kwa miaka mingi kila upande ulikuwa ukiacha bendera yake pamoja na chupa ya pombe kuutania upande wa pili.

Lakini tamaa haijaisha. Wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani walikadiria mwaka wa 2008 kwamba Aktiki ina takriban asilimia 13 ya mafuta na asilimia 30 ya gesi ambayo haijagunduliwa duniani. Sehemu kubwa ya mali hiyo, kinyume na inavyodhaniwa, imo ndani ya maeneo ambayo tayari yana wenyewe. Mzozo basi si wa umiliki pekee, bali ni kama inafaa kuchimba hata kidogo, maadamu kuchomwa kwa mafuta na gesi ndiko kunakoiyeyusha barafu. Mwaka wa 2021 serikali ya Greenland iliamua kutotoa leseni mpya za kutafuta mafuta.

Zipo njia za meli pia. Safari ya baadhi ya meli kutoka mashariki mwa Asia hadi Ulaya kupitia kaskazini mwa Urusi ni fupi kwa takriban theluthi moja kuliko ile ya Mfereji wa Suez. Urusi husisitiza kwamba meli ziombe idhini yake. Upande wa pili, Kanada husema kwamba mlangobahari unaopita kati ya visiwa vyake ni maji ya ndani ya nchi, huku Marekani ikishikilia kwamba ni njia ya kimataifa.

Baraza lagawanyika

Tangu 1996, ushirikiano wa kaskazini umekuwa ukiendeshwa kupitia Baraza la Aktiki, lenye mataifa yale matano pamoja na Iceland, Uswidi na Finland. Mashirika sita ya jamii za asili yana viti vya kudumu katika baraza hilo, jambo lisilo la kawaida katika diplomasia. Masuala ya kijeshi hayakujumuishwa katika ajenda zake tangu mwanzo.

Mnamo Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wanachama saba wenzake walisitisha ushiriki wao. Baadhi ya kazi za kitaalamu zilirejea polepole baadaye, lakini imani haikurejea. Finland ilijiunga na muungano wa kijeshi wa NATO mwaka wa 2023, na Uswidi mwaka wa 2024. Wanachama wote wa baraza isipokuwa Urusi wakawa washirika wa kijeshi. Aidha, ushirikiano wa wanasayansi wa Magharibi na vituo vya Urusi ulikatizwa. Urusi ina karibu nusu ya pwani yote ya Aktiki. Kukosa vipimo vya nchi hiyo ni sawa na daktari kumpima mgonjwa upande mmoja wa mwili.

Hata baina ya marafiki kumezuka msuguano. Mwaka wa 2019, Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza kwamba angependa kuinunua Greenland, na aliporejea mamlakani Januari 2025 akalifufua dai hilo kwa ukali zaidi. Kisiwa hicho kina wakazi wapatao 57,000, wengi wao Wainuiti, na sheria ya mwaka wa 2009 inatambua haki yao ya kujiamulia kama watakuwa taifa huru. Viongozi wao wamejibu mara kwa mara kwamba nchi yao haiuzwi.

Walioathirika mapema ni jamii hizo za asili. Huko Alaska, wakazi wa kijiji cha Newtok, kilichomegwa na mto huku ardhi iliyoganda ikilegea, walianza kuhamia makao mapya ya Mertarvik mwaka wa 2019. Si wao waliojenga viwanda vilivyoijaza anga moshi.

Bara lisilo na mwenyewe

Kusini, historia ilichukua mkondo tofauti. Mataifa saba yalikuwa yamejitwalia sehemu za Antaktika: Uingereza, Argentina, Chile, Australia, New Zealand, Ufaransa na Norway. Madai ya Uingereza, Argentina na Chile yalipandana. Katikati ya Vita Baridi, mataifa 12, zikiwemo Marekani na Muungano wa Kisovieti, yalitia sahihi Mkataba wa Antaktika mjini Washington mnamo Desemba 1, 1959. Ulianza kutumika mwaka wa 1961.

Mkataba huo haukufuta madai ya ardhi wala kuyakubali. Uliyagandisha jinsi yalivyokuwa, na ukakataza madai mapya. Ulipiga marufuku shughuli za kijeshi na milipuko ya nyuklia, ukaruhusu kila upande kukagua vituo vya mwingine, na ukalitenga bara zima kwa amani na utafiti. Katika dunia iliyokuwa ikijiandaa kwa vita vya nyuklia, hayo hayakuwa mafanikio madogo.

Lakini ulikuwa pia mpango wa wachache. Kura hupewa waasisi na wanachama wanaofanya utafiti mkubwa huko, na utafiti huo una gharama kubwa. Afrika Kusini, iliyokuwa miongoni mwa waasisi chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, ndilo taifa pekee la Afrika lenye kura. Mwaka wa 1983, Malaysia ilifikisha suala hilo katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ikihoji ni kwa nini kundi dogo la nchi liamue hatima ya bara ambalo ni urithi wa wote. Malaysia yenyewe ilijiunga na mkataba huo mwaka wa 2011.

Mnamo Oktoba 1991, wanachama walitia sahihi Itifaki ya Madrid, inayokataza uchimbaji wa madini isipokuwa kwa utafiti. Kumekuwa na uvumi kwamba marufuku hiyo itakwisha mwaka wa 2048. Si kweli. Itifaki haina tarehe ya kukoma. Kitakachobadilika mwaka huo ni kwamba mwanachama yeyote mwenye kura ataweza kuomba mkutano wa kuipitia upya, na masharti ya kuiondoa marufuku ni magumu. Hata hivyo, kizazi kitakachokuwa madarakani wakati huo ndicho kinachosoma shuleni leo, na hakuna ajuaye kitakuwa na njaa kiasi gani ya madini.

Dalili za mapambano zimeanza kuonekana baharini. Krili, viumbe wadogo mfano wa kamba, ndio chakula cha nyangumi, sili na pengwini wa huko. Pia huvuliwa kwa ajili ya mafuta na chakula cha samaki wa kufugwa. Tume inayosimamia uvuvi huo, yenye makao yake Hobart, Australia, hufanya uamuzi kwa maafikiano ya wote. Mwaka wa 2016 ilikubali kuitenga Bahari ya Ross kuwa hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.5. Mapendekezo ya hifadhi nyingine yamekwama miaka mingi kwa upinzani wa China na Urusi. Utaratibu unaolinda amani kwa kumtaka kila mmoja akubali, huo huo humpa kila mmoja uwezo wa kukwamisha.

Wakati mazungumzo yakikwama, barafu haisubiri. Februari 2023, barafu ya bahari kuzunguka Antaktika ilishuka hadi kiwango cha chini zaidi tangu setilaiti zianze kuipima. Miezi michache kabla ya hapo, katika Bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika kabla ya vifaranga vya pengwini wakubwa kuota manyoya yasiyopenya maji. Kati ya makundi matano yaliyochunguzwa, manne yalipoteza vifaranga vyake.

Yatuhusu nini?

Msomaji aliye Kisumu au Garissa anaweza kusema kwamba ugomvi huu haumhusu. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na katika suala hili wembe uko karibu kuliko inavyodhaniwa.

Rundo kubwa la barafu lina uzito mkubwa kiasi kwamba huvuta maji ya bahari kulielekea. Barafu ya Greenland inapoyeyuka, mvuto huo hupungua, na maji yaliyokuwa yamevutwa huenda mbali. Ajabu ni kwamba bahari iliyo karibu na Greenland hushuka, huku ile iliyo mbali, ikiwemo ya ukanda wa ikweta, ikipanda kuliko wastani. Mji Mkongwe wa Mombasa na ule wa Lamu, ulioorodheshwa kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001, iko katika ukanda huo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wastani wa kina cha bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 20, na kasi inaongezeka.

Kenya si mwanachama wa Mkataba wa Antaktika. Hata hivyo, ibara yake ya 13 inaruhusu taifa lolote la Umoja wa Mataifa kujiunga. Mwanachama asiye na kituo cha utafiti hapati kura, lakini huketi mkutanoni, husikiliza na huweza kutoa maoni. Kwa nchi ambayo pwani yake itabeba sehemu ya hasara, kiti hicho si cha kudharauliwa.

Tena ipo sababu ya kuamini kwamba sauti kama hiyo yaweza kufaa. Mnamo 1985, wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka la ozoni, linaloikinga dunia dhidi ya miale hatari ya jua, limetoboka juu ya Antaktika. Chanzo kilikuwa kemikali zilizotumika katika majokofu na mikebe ya kupulizia, maelfu ya kilomita kutoka huko. Miaka miwili baadaye, Itifaki ya Montreal ilizipiga marufuku hatua kwa hatua, na hatimaye mataifa yote yakaiidhinisha. Wanasayansi sasa wanatarajia tundu hilo kuzibika kufikia takriban mwaka wa 2066.

Ofisi inayosimamia itifaki hiyo haiko London wala Washington. Iko Gigiri, Nairobi, katika makao ya Shirika la Mpango wa Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP). Kazi ya kuliponya anga la Antaktika imekuwa ikiratibiwa kutoka jiji lililo karibu na ikweta, na mataifa maskini yalikuwa na kura sawa na matajiri. Barafu ni tatizo gumu kuliko ozoni, kwa kuwa kaboni imo katika kila kiwanda, gari na jiko la gesi. Lakini kanuni ni ile ile: lililoharibiwa na dunia nzima haliwezi kutengenezwa na majirani wa barafu peke yao, wala halifai kuamuliwa na wao pekee.